Valerian Kazumba na Bonde Lililoungua Chini kwa Chini

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, mwenyekiti wa kijiji, wazee wetu wa Nasenya, shikamooni, na ninyi nyote mliopanda mlima huu kwa miguu baada ya gari kukwama pale darajani, poleni sana na asanteni. Mimi naitwa Dominika Valerian Kazumba, ni mtoto wa pili wa marehemu, nina duka la kuchapa na kutoa fotokopi pale Majengo, Sumbawanga mjini, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, kwa maelekezo kwamba nisizidi dakika kumi, nisiongeze neno, na nisilie. Hilo la kulia nitajitahidi.

Niseme mapema ili asiwepo wa kushtuka. Karatasi hizi ni nne. Jana kikao cha familia kiliamua ziwe tatu, ukurasa wa tatu utolewe, kwa sababu unamtaja mzee Isakwisa Mwaisumo, yule bwana mifugo kutoka Tukuyu ambaye kijiji hiki kilimfukuza mwaka 1983 kwa kosa la kuchoma bonde, na baba mdogo Adriano, mdogo wake marehemu, aliyeongoza kikao, alisema msiba si mahali pa kufukua mambo. Marehemu mwenyewe aliagiza ukurasa huo usomwe, tena usomwe mbele ya watu na mbele ya jeneza lake, kwa hiyo leo asubuhi nimeurudisha. Mzee Isakwisa yupo, amekaa turubai la pili, safu ya nyuma, na binti yake Suma. Baba mdogo, naona unavyotazama saa, nitakwenda haraka.

Marehemu Valerian Theodory Kazumba alizaliwa siku ya Jumatatu, tarehe 3 Machi 1958, hapa hapa Nasenya, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto sita wa mzee Theodory Kazumba na bibi Romana, wote marehemu, akabatizwa tarehe 6 Aprili mwaka huo huo, sikukuu ya Pasaka, na bibi Romana alikuwa akitusimulia kwamba mtoto yule alitembea akiwa na miezi tisa na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona amekaa kitako akamaliza sahani ya ugali. Alikula amesimama mlangoni. Sisi watoto wake tulidhani baba wote hula hivyo, mpaka tulipoanza kwenda kwa majirani.

Kuhusu elimu, alianza darasa la kwanza Januari 1966 katika shule ya msingi ya hapa kijijini, akamaliza la saba mwaka 1972, akachaguliwa kuendelea na sekondari Sumbawanga mjini, akamaliza kidato cha nne Novemba 1976, na katika miaka hiyo minne mwalimu wake wa baiolojia alimkalisha karibu na mlango kwa sababu alikuwa akitoka nje kila mara kuangalia mvua imefika wapi. Siku moja mwalimu huyo alifundisha kwamba ipo mimea duniani inayokula wadudu, baba akanyoosha kidole akasema sisi kwetu ipo, darasa zima likacheka, naye Jumamosi akatembea saa sita kuja Nasenya na saa sita kurudi, akaingia darasani Jumatatu na kopo la siagi lenye tope, na juu ya tope kile kijimea chekundu chenye utomvu, kidogo kuliko kifuniko cha soda, na mbu wawili wamenata juu yake. Mwalimu alimpa kopo jipya.

Ndugu waombolezaji, wageni mtaniuliza bonde gani ninalolisema. Ni lile mlilolipita mkono wa kushoto mkipanda, lenye nyasi za rangi ya kahawia na miti michache mirefu isiyo na matawi, ambayo si miti, ni lobelia, maua yaliyokataa kubaki madogo. Tunaliita bonde lakini liko juu, juu kuliko Pito, juu kuliko mji wote, na mwezi wa Juni na Julai sakitu, ule umande ulioganda kama barafu, hulala pale hadi saa tatu asubuhi, nyasi zikavunjika ukizikanyaga. Chini yake hakuna udongo kama wa mashambani. Kuna mboji, majani ya miaka maelfu yaliyokufa ndani ya maji baridi yakashindwa kuoza, yakajilundika jani juu ya jani, meusi, laini, yamelewa maji, na maji hayo ndiyo yanayotoka pale kwenye chemchemi tunakochota sote mpaka leo. Baba alitufundisha hayo kabla hatujajua sala ya Baba Yetu vizuri, na kila mmoja wetu nyumbani anaweza kuyasema akiwa usingizini.

Sasa karatasi inasema hivi, nasoma ilivyopitishwa na kikao: "Kati ya mwaka 1977 na 1986 marehemu alijishughulisha na kilimo hapa nyumbani." Mstari ni huo mmoja. Miaka tisa, mstari mmoja. Alirudi kwa sababu babu Theodory alipata kiharusi Februari 1977 na yeye ndiye aliyekuwa mkubwa, hilo ni kweli, akalima mahindi na ulezi, hilo nalo ni kweli, mengine nitayafikia.

Kuhusu kazi, mwezi Aprili 1986 walikuja hapa watafiti wa mimea, wakahitaji kibarua wa kuwabebea mizigo, baba akaenda, na ndani ya wiki moja walikuwa wanambebea yeye, maana yeye ndiye aliyejua kila kijimea kinaota wapi na kinatoa ua lini. Walimfundisha kukausha mimea katikati ya magazeti na kuibana kwa mbao na kamba, wakamfundisha kupima mraba wa mita moja kwa vigingi vinne na kuhesabu kila kilichomo, walipoondoka yeye hakuacha, na tarehe 1 Julai 1988 akaajiriwa serikalini kama mhudumu wa misitu, kazi aliyoifanya kwa miaka karibu thelathini mpaka alipostaafu tarehe 3 Machi 2018, siku aliyotimiza miaka sitini. Mara mbili alipewa uhamisho wenye cheo na mara mbili aliukataa. Mama alimuuliza kwa nini, akasema miraba yake kumi bondeni itahesabiwa na nani.

Ameacha madaftari makubwa thelathini na tisa, kila mwaka moja, nami nimeyabeba yote dukani kwangu kwa sababu hapa panya wameanza kuyaonja. Ukiyafungua utaona ndago zimerudi mraba wa pili Mei 1988, utaona Machi 1997 ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba ule mmea laini unaonyonya maji, alioupa jina la blanketi, umeonekana, ukubwa wa kisahani, utaona kile chekundu kinachonasa mbu kimerudi mwaka 2003, lobelia ya kwanza 2011, na tarehe 9 Januari 2016 chikanda, lile ua ambalo mama zetu huchimba viazi vyake wakapika, ua moja tu, naye siku hiyo alirudi nyumbani amelowa mpaka kiunoni, akatuambia tusimwambie mtu yeyote maana watalichimba. Mimi nilimwambia mtu. Ua lilichimbwa, na baba hakunisemesha wiki mbili.

Mtaniuliza vitu hivyo vilikuwa vinarudi kutoka wapi. Nawaomba subira kidogo, ingawa kwetu subira hatukurithishwa.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa takatifu na mama yetu, Lydia binti Timoth wa Pito, siku ya Jumamosi tarehe 22 Julai 1989, na waliokuwepo watakumbuka kwamba kati ya misa na chakula bwana harusi hakuonekana, shangazi zake wakaanza kunong'ona, mama akakaa peke yake mezani na keki, mpaka alipokuja mtu kusema yuko bondeni, amekunja suruali ya suti, anaziba maji kwa majani na matope kwa sababu ng'ombe wamebomoa kizuizi chake. Mama hakulia. Alivua viatu vyeupe akaenda kumshikia vigingi, na picha pekee ya harusi yao inayoning'inia sebuleni wote wawili wana matope. Mama yetu, hapa mbele ya watu, nakushukuru kwa kumvumilia mtu ambaye hata kanisani alisimama karibu na mlango.

Mungu aliwajalia watoto watatu, Romani aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1990, ambaye ni dereva Mbeya, mimi Dominika niliyezaliwa tarehe 11 Novemba 1992, na Faith aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1997, muuguzi, na wajukuu watano. Baba alitupenda, ila alitupenda akiwa njiani. Alikuwa akikujulia hali huku mkono mmoja uko kwenye kitasa. Ukimwambia baba kaa chini, alikuwa na jibu moja, ana miaka mia tisa na kitu iliyobaki na kazi haijaisha, na sisi tulicheka kwa sababu tulidhani ni utani.

Sasa ukurasa wa tatu. Hili turubai linapigwa na upepo, wa nyuma kama hamsikii semeni, hasa wewe mzee Isakwisa.

Jumamosi tarehe 24 Agosti mwaka huu, marehemu alikuja dukani kwangu Majengo, miguu imevimba, hakutaka benchi, akaegemea kaunta, akaniambia chapa. Kulikuwa na wateja watatu wa fotokopi. Nikachapa, na mpaka anamaliza sikuthubutu kuinua macho kwenye kompyuta. Nasoma maneno yake.

"Mimi Valerian Theodory Kazumba, nikiwa na akili zangu, naeleza yafuatayo ili yasomwe siku ya kunizika. Mwaka 1982, kuanzia Mei mpaka Julai, nilichimba mfereji kwenye bonde la Nasenya ili maji yatoke, kwa sababu shamba la baba lilikuwa limechoka na mimi nilikuwa na wagonjwa na wadogo wa kulisha. Februari 1983 nilipanda humo kwa kutengeneza intumba, yale matuta ya duara ya kwetu Wafipa, unapindua nyasi na udongo wake unazifukia ndani zioze ziwe mbolea, kama baba alivyonifundisha na kama kila mtu hapa anavyofanya. Matuta hayo ni mazuri sana juu ya udongo. Mimi niliyafanya juu ya mboji. Mboji iliyoinuliwa juu, ikapigwa na jua na upepo miezi saba, haiozi, inakauka ikawa kuni. Sikujua. Hakuna babu yetu aliyewahi kulima pale, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na la kunifundisha, na shuleni walinifundisha mimea inayokula wadudu, hawakunifundisha ardhi inayoungua.

"Jumatano tarehe 14 Septemba 1983, kama saa tano asubuhi, nilivunja matuta nikachoma mabua nipate majivu ya kupandia ulezi. Moto wa juu ulizimika mchana huo huo. Kesho yake niliona moshi unatoka ardhini mahali pasipo na moto. Nikamwaga maji ndoo mbili, nikadhani imetosha. Ulikuwa umeshashuka chini. Uliungua chini kwa chini wiki kumi na mbili, bila mwali, unatembea, leo moshi unatokea hapa, kesho hatua thelathini mbele, mtamba wa mzee Christopha akatumbukia akaungua miguu, chemchemi ikakauka, mama zetu wakaanza kuchota mtoni, mwendo wa saa mbili, na bonde likadidimia mpaka kimo cha kiuno changu.

"Wakati huo huo bwana mifugo Isakwisa Mwaisumo alikuwa anachoma matofali pembeni ya bonde, kwenye kiwanja alichopewa na kijiji, kwa sababu alitaka kujenga na kukaa hapa. Watu waliona tanuru, wakaona moshi, wakaona ni mtu wa kuja. Jumapili tarehe 23 Oktoba 1983, baada ya ibada, kijiji kilikutana chini ya mwenyekiti wa wakati ule, ikaulizwa nani anakubali kwamba Isakwisa ndiye aliyechoma bonde na aondoke. Nilihesabu mikono. Ilikuwa sitini na nne. Wa sitini na nne ulikuwa wangu. Nilijipa sababu, baba mgonjwa, mimi ndiye mkubwa, watatunyang'anya ardhi. Zote zilikuwa za kweli na hakuna hata moja iliyotosha. Aliondoka Alhamisi iliyofuata kwenda Chala na mke mjamzito, juu ya lori la mahindi. Mvua ya tarehe 8 Desemba ndiyo iliyozima moto. Matofali yake yaliyobaki ndiyo yaliyojenga ofisi ya kijiji.

"Mboji inaongezeka unene wa ukucha kwa mwaka. Nimepiga hesabu, kimo nilichounguza kitarudi baada ya miaka elfu moja. Nimeziba mfereji wangu, nimekaa nao miaka yote hii, maji yamerudi, chemchemi imerudi, mimea imerudi mmoja mmoja. Isakwisa hajarudi, na huyo hakuhitaji miaka elfu moja, alihitaji mimi kusema neno moja. Nilipanda basi kwenda Chala mara kumi na moja. Mara zote kumi na moja nilishuka, nikasimama ng'ambo ya barabara nikiitazama nyumba yake, nikarudi na basi lile lile. Dominika atasoma hili. Adriano asimzuie."

Mwisho wa maneno ya marehemu.

Ndugu zangu, sasa mnajua kwa nini baba hakuwahi kuingia ofisi ya kijiji, kwa nini kila mkutano alisimama nje dirishani hata kama mvua inanyesha, na sisi tukasema ndivyo alivyo, hawezi kukaa. Nitasema lililo moyoni, kikao kitanisamehe au hakitanisamehe. Nilimkasirikia baba siku ile pale kaunta, nilimkasirikia mpaka mikono ikakosea herufi, na leo nimesimama mbele ya jeneza lake bado nimekasirika, na ninampenda, na sijui niweke wapi vitu hivi viwili, kwa hiyo nasoma.

Ukurasa wa nne, ugonjwa na kifo. Marehemu alianza kusumbuliwa na miguu kuvimba na kukosa pumzi mwezi Machi 2023, akapimwa Sumbawanga mjini akaambiwa moyo umetanuka, akapewa dawa na kukatazwa kupanda milima, dawa alikunywa, lile katazo hakulisikia. Alipoona akiibonyeza miguu kidole kinaacha shimo, alimtania Faith kwamba alilinyang'anya bonde maji yake na sasa bonde linayarudisha kwake. Mei mwaka huu alihesabu miraba saba kati ya kumi, mitatu iliyobaki akamwelekeza mama akiwa amelala ubavu kwenye turubai dogo, na hiyo ndiyo mara ya mwisho kukanyaga pale. Alilazwa tarehe 7 Oktoba, akafariki dunia siku ya Jumatano tarehe 16 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, na Faith aliyekuwa naye anasema alikuwa akijaribu kushusha mguu mmoja kitandani.

Juzi Alhamisi, badala ya kwenda kununua sanda na maua kama nilivyoagizwa, nilipanda basi kwenda Chala. Mlinisema, na nilistahili kusemwa. Nilimkuta mzee Isakwisa, ana miaka themanini na moja, anachambua maharage barazani, nyumba yake ya matofali mabichi imepakwa udongo upya, na Suma akaniambia kwamba baba yake tangu aondoke Nasenya hajachoma tofali hata moja, kila mvua kubwa wanaukandika ukuta tena. Nikamwamkia, nikajitambulisha, nikampa ukurasa wa tatu. Aliusoma polepole, akaukunja, akauliza kama nimekunywa chai.

Baadaye akasema, "Binti, mimi nilijua. Tanuru langu lilizimika siku ya nne, moshi wa bondeni ulikuwa unatokea kwenye matuta ya Valerian. Bwana mifugo nisijue moshi unatoka wapi? Ila mtu wa kuja aseme nini mbele ya mikono sitini na nne?" Nikamwomba msamaha kwa niaba ya familia. Akasema yeye ni Mmoraviani, mambo ya maungamo ni kwetu Wakatoliki huko kwa padre, msamaha wataongea yeye na Valerian siku wakikutana, na siku hiyo haiko mbali. Nikamuuliza basi anataka nini. Akasema, "Mikono ile mpaka leo haijashushwa. Nataka ishushwe, hapo hapo iliponyooshwa." Ndiyo maana amekuja, mzee wa miaka themanini na moja, akaupanda mlima huu.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia marehemu, hasa waliomruhusu kusimama dirishani walipochoka kubishana naye, nawashukuru wafanyakazi wenzake wa misitu waliokuja wote na gari lao, mzee Christopha na majirani wa Nasenya kwa kuni, maji na mahema, akina mama wa jumuiya ambao hawajalala siku tatu, kwaya, Baba Paroko, wateja wangu wa Majengo waliochanga na kunifungia duka, na wote ambao sikuwataja, msinihesabie, nimechoka na karatasi inaisha. Nakushukuru na wewe baba mdogo Adriano. Umegharamia mengi katika msiba huu, na najua ukurasa wa tatu haukuuondoa kwa ubaya, ulikuwa na miaka ishirini mwaka ule na mfereji ule mliuchimba wawili. Baba hakukutaja. Nimekutaja mimi.

Limebaki jambo moja ambalo halipo kwenye karatasi. Mwenyekiti wa kijiji, uko hapa, na mwaka 1983 neno la kijiji lilisemwa kwa mikono, kwa hiyo sijui njia nyingine ya kulifuta. Kati ya wale sitini na nne, nimeuliza, wamebaki wazee tisa, na wengi wenu ni watoto wao na wajukuu wao. Naomba anayekubali kwamba mzee Isakwisa Mwaisumo hakulichoma bonde la Nasenya, na kwamba aliyelichoma ni Valerian Theodory Kazumba, baba yangu, huyu tuliyemleta hapa, anyooshe mkono.

Wangu huu.

Mama, asante. Romani, Faith. Mzee Christopha, asante, na tunajua wewe ulipoteza mtamba. Shangazi. Akina mama wa jumuiya, nawaona. Baba Paroko, wewe mwaka ule hukuwepo, lakini asante. Kule nyuma naona, msishushe, nahesabu, mimi ni mtoto wa Valerian.

Baba mdogo, mimi nasubiri. Leo kwa mara ya kwanza sina haraka.

Asante, baba mdogo. Asante sana. Mwenyekiti, naomba iandikwe kwenye kitabu cha kijiji, tarehe 19 Oktoba 2024, mikono imezidi sitini na nne. Sasa ishusheni. Ishusheni wote. Suma, mshike baba yako, naona anataka kusimama, na wale wa safu ya mbele naomba mmpishe kiti, apite aje akae hapa karibu na jeneza.

Baba, asubuhi nilipita bondeni kabla ya misa. Kizuizi cha mfereji kimekaa vizuri, maji yako kwenye alama yako, na mraba wa sita una chikanda mbili ambazo safari hii sijamwambia mtu, nimewaambia watu wote hawa, nao wamesikia na wataziacha. Mzee Isakwisa ameshakaa. Kaa na wewe sasa, baba, ukae chini, upumzike kwa amani.